Siffredi na Korongo la Hornbein: kisa cha njia iliyoteremkwa bila kupandwa

Tarehe 8 Septemba 2002, yapata saa 8 mchana, Mfaransa Marco Siffredi alifika kilele cha Everest pamoja na Washerpa watatu, watu wa Himalaya wanaosaidia wapandaji. Alikuwa na miaka 23. Walipumzika kidogo, na yapata saa 9 alasiri akafunga miguu yote miwili kwenye ubao wake wa theluji, akaanza kuteremka uso wa kaskazini akilenga Korongo la Hornbein, ufa mwembamba na mkali wa theluji katikati ya miamba. Washerpa walirudi kwa njia waliyopandia na wakafika salama. Siffredi hakufika, na mwili wake haujapatikana mpaka leo.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama habari ya kijana shujaa aliyezidiwa na uchovu, au kama ajali nyingine tu ya milima mirefu. Sikubaliani na usimulizi huo. Uchovu ulikuwepo, na mchana ulikuwa umekwenda. Lakini mambo hayo mawili yalipata nguvu ya kuua kwa sababu ya jambo la tatu: Siffredi alipanda mlima kwa njia moja na kuteremka kwa nyingine. Korongo lile alikuwa amelitamani na kulitazama kwa muda mrefu. Hakuwa amelipanda.

Kwanza apewe haki yake, maana hakuwa mtu wa kubahatisha. Alizaliwa Chamonix, mji ulio chini ya Mont Blanc, ambako kuteremka miteremko mikali ni kazi yenye mabingwa wake na misiba yake. Familia yake ilishampoteza kaka yake katika poromoko la theluji. Mwaka 1999, akiwa na miaka 20, aliteremka kwa ubao uso wa Nant Blanc wa mlima Aiguille Verte, ambao Jean-Marc Boivin alikuwa ameuteremka kwa ski (mbao mbili nyembamba, moja kwa kila mguu) miaka kumi kabla yake. Kisha akaenda Himalaya, akateremka Dorje Lhakpa, na mwaka 2000 Cho Oyu, mlima unaozidi mita 8,000. Tarehe 23 Mei 2001 aliteremka Everest yenyewe kwa Korongo la Norton, lililo kwenye uso uleule wa kaskazini, kutoka kileleni hadi kambi ya mbele iliyo kwenye mita 6,400 hivi. Inasimuliwa kwamba karibu na kilele kifungio kimoja cha ubao kilivunjika kwa baridi, na Msherpa aliyekuwa naye akakitengeneza kwa waya, safari ikaendelea.

Ushindi huo wa 2001 ndio ninaouona kuwa mzizi wa kisa cha 2002. Hata Korongo la Norton hakuwa amelipanda. Alipanda kwa ukingo wa kaskazini-mashariki, njia ya kawaida ya upande wa Tibet, kisha akageuza ubao kwenye theluji asiyoijua, na mambo yakamwendea vizuri. Norton ni pana, lina nafasi ya kukosea na kujirekebisha. Mtu akifanikiwa mara moja pasipo kukagua, si rahisi ajue kama ameokolewa na ufundi wake au na upana wa mahali. Na hakuna wa kumwambia, kwa sababu wote waliomzunguka wanampongeza.

Lengo lake la 2001 lilikuwa Hornbein tangu mwanzo. Aliliacha kwa sababu majira yale ya Mei theluji ilikuwa haitoshi. Basi akarudi baada ya mvua za monsuni, zinazoishia Septemba na kuufunika uso wa kaskazini kwa theluji mpya. Kwa mteremkaji hesabu hiyo ina mantiki: jiwe lifunikwe, ubao upate pa kukamata. Tatizo ni kwamba theluji ileile inayofunika jiwe ndiyo inayoporomoka. Siffredi alikuwa anahitaji theluji nyingi, na hakuwa na njia ya kujua imekaa vipi juu ya mwamba mpaka awe tayari yumo ndani yake.

Sasa tulitazame korongo lenyewe. Liko upande wa magharibi wa uso wa kaskazini, kati ya mita 8,000 na 8,500 hivi. Wastani wa mteremko wake ni karibu digrii 47, na pale panapobana sana unafika digrii 60. Linapasua mwamba wa rangi ya njano unaouzunguka mlima kama mkanda, na juu yake kuna uwanja wa theluji na mawe unaofika kwenye piramidi ya kilele. Anayetoka juu haoni mdomo wa korongo. Anaona ukingo wa theluji unaojikunja, halafu hewa, halafu mto wa barafu wa Rongbuk mbali kabisa chini. Inambidi akate kuelekea magharibi, akadirie, aupate mdomo usio mpana katikati ya miamba inayofanana. Akiukosa kwa kiasi kidogo, upande wowote ule, chini yake kuna ukuta.

Hata akiupata mdomo, kazi ndiyo imeanza. Chini ya Hornbein lazima avuke uwanja mwingine wa theluji ili aingie Korongo la Wajapani, lililopandwa na timu ya Japani mwaka 1980. Makorongo haya mawili hayajapangana moja kwa moja. Kwa hiyo njia nzima ina milango miwili ambayo kila mmoja unatafutwa kutokea juu, mahali ambapo macho hayafiki.

Jina la korongo linatokana na Tom Hornbein, daktari wa Marekani aliyepita humo na Willi Unsoeld tarehe 22 Mei 1963. Walipofika kwenye mwamba wa njano waliona jiwe limeoza, halina pa kupigilia msumari wa kushikilia kamba, wakaelewa kwamba hawawezi kushuka tena walikopandia. Wakaona heri kuvuka kilele kizima na kushuka upande wa pili, kwa njia ya Nepal. Usiku uliwakuta nje, juu sana, bila hema, na Unsoeld akapoteza vidole vingi vya miguu kwa baridi. Watu wawili wa kwanza kuligusa korongo lile kwa mikono yao waliamua kwamba kushuka humo ni hatari kuliko kupita juu ya kilele cha dunia jioni. Huo ni ukaguzi. Ulifanywa kwa vidole na misumari, na jibu lake lilikuwa hapana.

Wapo wanaodhani kukagua maana yake ni kuangalia picha vizuri. Picha inafaa, na darubini inafaa zaidi: zinaonyesha umbo, mahali pa jiwe, kona, pengine hata alama za maporomoko ya juzi. Lakini fikiria mtu anayepanda korongo hatua kwa hatua. Kila anapochomeka mpini wa shoka la barafu anapata habari. Sentimita ishirini za juu ni laini, mpini unazama. Halafu unagonga tabaka gumu lililobanwa na upepo. Anasukuma zaidi, mara mpini unapenya ghafla kama umeingia kwenye unga: chini ya tabaka gumu kuna punje zilizolegea, na juu yake limelala bamba zima la theluji linalosubiri uzito. Hatua thelathini mbele, shoka linagonga na kurudi; hapo ni barafu tupu iliyopakwa theluji nyembamba. Kwenye picha sehemu hizo zote ni nyeupe. Kwa anayeteremka kwa kasi nazo ni nyeupe, hadi ukingo wa ubao uteleze.

Ndiyo maana katika utamaduni wa miteremko mikali, hasa ule wa Alps, milima mirefu ya Ulaya, kupanda kwanza njia utakayoiteremka kunaheshimiwa sana. Si kwa ajili ya sifa. Unapopanda unajua pia saa ngapi jua linagusa ukuta gani, mawe yanaanza kudondoka lini, wapi unaweza kusimama na kupumua, wapi huwezi. Na ukikuta hali mbaya, unageuka ukiwa bado chini yake, uso ukiwa unatazama tatizo. Anayeingia kutoka juu akikuta hali mbaya, tatizo liko chini ya miguu yake na mlango wa kurudi uko mgongoni, juu, kwenye theluji ya kiunoni.

Kwa ubao jambo hili ni zito kuliko kwa ski, na halisemwi vya kutosha. Mtu wa ski ana kingo nne za chuma, miguu miwili iliyo huru, na fimbo mbili. Anaweza kupanda kiubavu hatua kwa hatua akiona mbele hapafai. Mwenye ubao miguu yake yote imefungwa mahali pamoja. Kwenye digrii 50 anasimama kwa ukingo mmoja tu. Akigeukia upande wa vidole, kifua kinautazama mlima na mgongo uko kwenye shimo, kwa hiyo nusu ya mizunguko yake anaifanya akichungulia juu ya bega. Theluji anayoikata inamwagika pembeni yake, na akisimama kupumzika inamfikia na kumsukuma. Ikibidi avuke jiwe, lazima avue ubao, na kuvua ubao kwenye mteremko wa namna hiyo, kwa glavu nene na vidole vilivyokufa ganzi, ni hatari inayojitegemea. Kwa hiyo mwenye ubao anahitaji kujua mapema zaidi ni wapi theluji imeungana na wapi imekatika.

Turudi kwenye siku ile. Kutoka kambi ya juu hadi kileleni walitumia takriban saa 12, wakipasua theluji nzito njia nzima. Kwa simulizi ya Washerpa, akiwemo Phurba Tashi, Siffredi alilalamika uchovu na wingi wa theluji alipofika juu. Hapa mlima ulikuwa umeshatoa taarifa. Theluji ya ukingo, mahali ambapo upepo hupeperusha, ilikuwa ya kuzama. Basi ndani ya korongo, mahali ambapo upepo hurundika, ingekuwaje? Kila aliyepanda milima ya theluji anajua kwamba makorongo hukusanya kile kinachopeperushwa kwenye kingo. Sioni namna ya kuipuuza taarifa hiyo isipokuwa kwa mtu aliyekwisha kuamua kabla ya kupanda.

Na pale kileleni oksijeni ni kama theluthi moja ya ile ya usawa wa bahari. Akili hupungua kabla ya mwili. Ndiyo sababu maamuzi ya mahali kama pale yanapaswa kuwa yamefanywa mapema, chini, kwa kichwa chenye hewa: saa fulani ikipita, tunashuka tulikopandia, theluji ikizidi magoti, tunashuka tulikopandia. Mtu anayeijua njia kwa mwili wake anaweza kuendelea hata akili ikiwa nzito, kwa sababu anakumbuka, hatafuti. Asiyeijua anatakiwa atafute mdomo wa korongo, apime theluji na achague kona, yote kwa mara ya kwanza, kwa ubongo wenye njaa ya hewa, jua likielekea kutua.

Nini hasa kilitokea baada ya hapo? Washerpa walisema kwamba walipokuwa wakishuka waliona kwa mbali kitu kama mtu akisimama kisha akiteleza kimya kimya, na walipopakaribia hawakukuta alama. Siwezi kujenga hoja juu ya hilo. Poromoko, kuteleza kwenye barafu, kukosa mdomo wa korongo, kuishiwa nguvu: vyote vinawezekana. Ninachoweza kusema ni kwamba tatu za kwanza katika orodha hiyo ni hatari ambazo mtu aliyepanda njia ileile saa chache kabla angekuwa na habari zake mkononi.

Ushahidi wa upande wa pili upo. Mwaka 1986 Waswisi Erhard Loretan na Jean Troillet walipanda uso huohuo kwa Korongo la Wajapani na Hornbein, bila oksijeni ya chupa, wakitembea zaidi usiku. Safari nzima, kwenda na kurudi, ilikuwa kama siku mbili. Kushuka kuliwachukua saa chache tu, kwa sababu waliteleza kwa makalio sehemu kubwa ya njia, mashoka mkononi kama breki. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni wazimu. Lakini theluji waliyoiteleza walikuwa wameipanda wenyewe kwa miguu muda mfupi uliotangulia. Walijua imebana, walijua hakuna barafu iliyojificha, walijua mwisho wa kila korongo uko wapi. Kilichoonekana kama kuthubutu kilikuwa na hesabu nyuma yake.

Halafu Oktoba 2025, miaka 23 baada ya Siffredi, Mmarekani Jim Morrison akateremka Hornbein kwa ski, kutoka kileleni hadi kwenye barafu ya chini, kwa zaidi kidogo ya saa 4. Usione vyaelea, vimeundwa. Alikuwa ameenda pale mwaka 2023 na 2024 na kurudi bila kufika kileleni. Timu yake ilipanda uso wenyewe, kwa makorongo yaleyale mawili, ikifunga kamba njiani. Na pale ambapo jiwe lilikuwa wazi na theluji haikutosha, Morrison hakuteleza: alishuka kwa kamba, kisha akaendelea na ski chini yake. Mtu aliyeshuka kutoka kileleni bila kujua angekutana na jiwe lile akiwa na kasi, bila kamba, bila pa kufunga.

Mifano hii ya Everest inaweza kumfanya msomaji aone jambo lenyewe liko mbali naye. Haliko mbali sana. Wapo Waswahili wengi wanaoishi Uswisi, Austria, Kanada na Colorado, na vijana wao wanakwenda kwenye theluji na marafiki wa shule na wa kazini. Hatari inaanza wanapoinama na kupita chini ya kamba ya mpaka wa uwanja wa kutelezea unaosimamiwa. Maporomoko mengi ya mabamba ya theluji huanza kwenye miteremko ya digrii 30 hadi 45, yaani ileile inayovutia ubao, na mara nyingi anayelianzisha poromoko ni yule anayefukiwa nalo au mwenzake. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika kumi hivi ana nafasi nzuri ya kuishi. Baada ya hapo nafasi inashuka kwa kasi, na mara nyingi helikopta haiwezi kufika kwa muda huo. Anayeweza kumwokoa ni aliye naye pale, mwenye kifaa cha mawimbi kinachonasa ishara ya aliyefukiwa, fimbo ya kupimia na koleo.

Alama za ubao wa mtu mwingine huwadanganya wengi. Zinaonyesha kwamba mtu alipita. Hazisemi alipita saa ngapi, theluji ikiwaje, wala kwamba alifika. Alama zinaweza kuishia juu ya genge ambalo mwenyewe aliliruka kwa sababu alilikagua kutokea chini asubuhi. Mteremko unaojikunja mbele yako, usiouona mwisho wake, ndio wa kusimama juu yake. Alps hutoa taarifa ya maporomoko kila siku wakati wa baridi, yenye ngazi 1 hadi 5, inayotaja hata upande wa mlima na mwinuko wenye hatari. Inasomwa kwa dakika tano. Baada ya hapo unautazama mteremko ukiwa chini yake, ukitokea bonde la pili kama inawezekana, unauliza waongozaji wa pale, na kama ni korongo unalipanda. Kama ni refu mno kulipanda, hiyo nayo ni habari kuhusu urefu wa safari utakayokuwa nayo siku mambo yakiharibika.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo naiheshimu. Wenye kumtetea Siffredi husema kwamba kupanda Hornbein kungemmaliza nguvu kabla ya kufika juu, na kwamba kwa timu ndogo kama yake, watu wanne kileleni, njia ya kawaida ndiyo pekee iliyowezekana. Ni kweli kwamba timu ile haikuwa na uwezo wa kufunga kamba kwenye uso mzima. Ila kati ya kupanda njia yote na kuingia bila kuijua kuna mengi. Angeweza kupanda Korongo la Wajapani peke yake, wiki kadhaa kabla, wakati wa kuuzoesha mwili na kimo, akajua jinsi mlango wa chini unavyofikiwa kutokea juu. Angeweza kuweka mtu mwenye darubini na redio barafuni Rongbuk, wa kumwambia kushoto au kulia. Na bado alikuwa na Washerpa watatu waliokuwa wanarudi kwa njia wanayoijua, yenye alama zao wenyewe kwenye theluji, saa 9 alasiri, na nafasi ya kwenda nao.